Mtoto Akianza Kula, Ziwa Liendelee: Mabadiliko ya Unyonyeshaji Baada ya Miezi Sita

Dar es Salaam. MTOTO anapotimiza umri wa miezi sita na kuanza kupewa chakula cha nyongeza, namna yake ya kunyonya hubadilika. Mtoto aliyekuwa akinyonya mara kumi au zaidi kwa siku huweza kupunguza, akaliacha ziwa mapema kuliko kawaida yake, au akanyonya kidogo mchana na kufidia usiku. Wazazi wengi huyachukulia mabadiliko hayo kuwa ishara kwamba maziwa ya mama yamekwisha kazi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ni ya kawaida, na kwamba mtoto bado anahitaji kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi.

Jambo hilo linawagusa kwa namna ya pekee akina mama wanaojipatia riziki katikati ya Jiji la Dar es Salaam, hususan Kariakoo, ambako muuza duka, mama lishe na mfanyabiashara ndogondogo hutoka nyumbani alfajiri na kurejea jioni. Kwao, mwezi wa sita mara nyingi ndio wakati ambapo mtoto huanza kubaki nyumbani na bibi, jirani au dada wa kazi. Mabadiliko mawili hukutana kwa pamoja: chakula kipya kinaingia, na mama anakuwa mbali kwa saa nyingi. Pasipo mpango, ziwa huondoka kimyakimya na nafasi yake ikachukuliwa na uji mwepesi usiokidhi mahitaji ya mtoto.

Makala haya yanaeleza mabadiliko yanayotarajiwa, yale yanayohitaji uangalizi, na hatua ambazo mzazi na mlezi wanaweza kuzichukua.

Kwa nini miezi sita

Wizara ya Afya na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania (TFNC), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, zinaelekeza kama lilivyo pendekezo la Shirika la Afya Duniani (WHO): mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, bila maji, uji wala kinywaji kingine isipokuwa dawa iliyoelekezwa na mtaalamu wa afya, kisha aanzishiwe chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya.

Umri huo una sababu zake. Akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto huzaliwa nayo huwa imepungua sana anapofikia miezi sita, na maziwa ya mama peke yake hayawezi kuifidia. Mahitaji yake ya nguvu pia huwa yameongezeka. Kwa mujibu wa WHO, mtoto wa miezi sita hadi minane anayenyonya vizuri huhitaji wastani wa kilokalori 200 kwa siku kutoka katika chakula. Wa miezi tisa hadi 11 huhitaji 300. Na wa miezi 12 hadi 23 huhitaji 550.

Takwimu hizo zina maana kubwa kwa mzazi. Zinaonesha kwamba katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza, maziwa ya mama bado yanaweza kumpatia mtoto nusu ya nguvu anayohitaji au zaidi, na katika mwaka wa pili takribani theluthi moja. Ndiyo maana chakula hicho kinaitwa cha nyongeza. Kinaongeza juu ya maziwa. Hakichukui nafasi yake.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Kiwango kimeshuka, lakini bado ni takribani watoto watatu katika kila 10. Udumavu hujijenga zaidi katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kufikia miaka miwili, na kipindi cha kuanza kula ni miongoni mwa sehemu zake zilizo hatarini zaidi.

Mabadiliko yanayotarajiwa

La kwanza ni idadi na muda wa kunyonya. Tumbo la mtoto wa umri huu ni dogo. Hubeba takribani gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo saba, kwa hiyo, hushiba kwa kiasi kisichozidi sana mililita 200. Akishiba chakula, atanyonya kidogo; akinyonya na kushiba, atakula kidogo. Katika wiki za mwanzo, anapokula vijiko viwili au vitatu tu, unyonyeshaji haupaswi kupungua kwa kiasi cha kuonekana.

La pili ni utulivu. Kuanzia miezi minne hadi tisa mtoto huvutwa na kila sauti na kila sura. Hunyonya kidogo, akageuka kutazama, akarudi tena. Si kwamba amelikataa ziwa. Akinyonyeshwa mahali penye utulivu na mwanga hafifu, kwa kawaida hutulia.

La tatu ni usiku. Mtoto aliyekosa ziwa mchana hulitafuta usiku. Baadhi ya wazazi huona hali hiyo kuwa tabia mbaya ya kukomeshwa, ilhali kwa mama anayeshinda kazini ndiyo njia ya mtoto kupata sehemu yake ya maziwa. Aidha, homoni inayochochea utengenezaji wa maziwa huwa juu zaidi usiku, hivyo kunyonyesha usiku husaidia kuyalinda.

La nne ni matiti ya mama. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotoka. Mtoto akipunguza kunyonya, matiti nayo hupunguza uzalishaji, na mama huyaona yamelegea. Kulegea huko peke yake si ushahidi kwamba maziwa yamekauka. Mtoto akinyonyeshwa mara nyingi zaidi kwa siku kadhaa, maziwa huongezeka tena.

La tano ni choo. Mtoto anayeanza kula hupata choo kizito zaidi, chenye harufu kali na rangi inayofuata alichokula: cha njano iliyokolea baada ya boga, cha kijani baada ya mchicha. Si ugonjwa. Choo cha majimaji kinachotoka mara tatu au zaidi kwa siku, au chenye damu, ni jambo jingine na kinahitaji huduma.

La sita, ambalo familia nyingi hulisahau, ni uwezo wa mama kushika mimba. Kunyonyesha huzuia mimba kwa kiwango cha kuaminika pale tu masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na mama hajaanza kupata hedhi. Chakula kinapoanza, kinga hiyo haitegemewi tena. Wazazi wanashauriwa kufika kliniki mapema ili wapate njia ya uzazi wa mpango isiyoathiri maziwa.

Ziwa kwanza au chakula kwanza

Hakuna mpangilio mmoja wa lazima. Hata hivyo, katika wiki za mwanzo kumtanguliza mtoto kwenye ziwa kisha chakula husaidia kulinda maziwa, kwa sababu chakula hicho bado ni cha kujifunzia. Kadiri umri unavyosonga, milo huongezeka: mara mbili hadi tatu kwa siku kati ya miezi sita na minane, mara tatu hadi nne kuanzia miezi tisa, pamoja na asusa moja au mbili kama vile kipande cha papai, ndizi au parachichi. Kiasi nacho hupanda polepole, kutoka vijiko vichache hadi nusu ya kikombe cha mililita 250 kwa mlo, na kufikia robo tatu au kikombe kizima katika mwaka wa pili. Katika umri wote huo mtoto huendelea kunyonya kila anapohitaji.

Kosa linaloleta madhara makubwa ni wepesi wa chakula. Uji unaotiririka kama maji hujaza tumbo dogo, humfanya mtoto aliache ziwa, na haumpi nguvu ya kutosha. Mtoto huyo huonekana ameshiba na kulala vizuri, huku uzito wake ukisimama. Uji unaofaa ni ule unaokaa kwenye kijiko bila kumwagika kirahisi. Unaweza kuboreshwa kwa mafuta kidogo, karanga zilizosagwa au maziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa TFNC walikuwa miongoni mwa waliotafiti matumizi ya kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa kama vile ulezi. Kiasi kidogo cha kimea hulainisha uji mzito bila kuongeza maji, nao hubaki na nguvu yake.

Uji pekee hautoshi. WHO na UNICEF huainisha vyakula vya watoto katika makundi manane, la kwanza likiwa maziwa ya mama, na kushauri mtoto wa miezi sita hadi 23 apate walau makundi matano kila siku. Mzazi anayefanya kazi Kariakoo yuko karibu na karibu kila anachohitaji: dagaa, maharage, choroko, mayai, viazi lishe, boga, mchicha, matembele, embe na papai. Dagaa wakichambuliwa, wakaoshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa, unga wake unaweza kuchanganywa katika mlo wa mtoto. Nyama, maini na samaki hutoa madini ya chuma ambayo mwili wa mtoto huyafyonza kwa urahisi. Chumvi na sukari hazihitajiki, chai huzuia ufyonzwaji wa madini ya chuma, na asali haipaswi kutolewa kabla ya mwaka mmoja.

Tahadhari inahitajika pia katika unga wa lishe. Kuchanganya nafaka nyingi, soya na karanga katika mfuko mmoja na kuuhifadhi kwa muda mrefu huongeza uwezekano wa kuharibika. Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huweza kuwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2016 ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Nafaka zichambuliwe, zilizovunda au kubadilika rangi zitupwe, na unga usagwe kwa kiasi kidogo kinachotumika kwa muda mfupi.

Mama anayeshinda sokoni

Kwa mama ambaye hawezi kurudi nyumbani mchana, ratiba inayolinda ziwa ni rahisi kueleza ingawa inahitaji kujipanga. Mtoto anyonye vizuri kabla ya mama kuondoka alfajiri, apewe milo yake na mlezi mchana, anyonye mara tu mama anaporejea hata kabla ya kupewa chakula cha jioni, na alale karibu na mama ili anyonye usiku. Mlezi aelezwe asimlishe mtoto akashiba kabisa muda mfupi kabla ya mama kufika. Siku za mapumziko mtoto anyonye mara nyingi kadiri anavyotaka.

Mchana mama akamue. Kukamua kwa mkono, walau mara moja au mbili katika saa za kazi, huzuia matiti kujaa na kuuma, na huuambia mwili kwamba maziwa bado yanahitajika. Mikono ioshwe kwa sabuni, na maziwa yawekwe katika chombo safi chenye mfuniko. Kwa joto la Dar es Salaam, maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje ya jokofu zaidi ya saa nne; katika jokofu huweza kukaa hadi siku nne. Yakamuliwayo usiku au alfajiri yanaweza kuachwa nyumbani kwa ajili ya mchana. Mtoto anywe kwa kikombe, si chupa ya kunyonyeshea, kwa kuwa chupa ni vigumu kuisafisha na huweza kumfanya mtoto alisahau ziwa.

Biashara ya saa 24, iliyozinduliwa Kariakoo mwaka 2025, imefungua fursa kwa wafanyabiashara, lakini kwa mama mwenye mtoto mdogo zamu ya usiku ina gharama yake: inaondoa saa ambazo mtoto hufidia maziwa ya mchana. Familia inayopanga kazi hiyo inapaswa kupanga pia saa za kunyonyesha na kukamua.

Kwa waajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 iwapo amezaliwa zaidi ya mtoto mmoja. Kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinamtaka pia mwajiri kumruhusu mfanyakazi anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake katika saa za kazi kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku. Msaidizi wa duka aliyeajiriwa ni mfanyakazi kama walivyo wa ofisini. Kwa mama aliyejiajiri, aliyepanga bidhaa zake barazani au anayepika chakula cha mchana, ruhusa hiyo haina wa kuitoa isipokuwa yeye mwenyewe na wale wanaomzunguka. Mwenzake akimshikia meza kwa dakika 20 akamue au anyonyeshe, amechangia moja kwa moja afya ya mtoto. Baba naye ana wajibu wa kupunguza mzigo wa kazi za nyumbani ili mama arejeapo amkute mtoto, si masufuria.

Mtoto anapogoma ghafla

Kupungua polepole ni tofauti na kugoma. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri kisha akalikataa ziwa ghafla kabla ya kutimiza mwaka, kwa kawaida hajaamua kuacha kunyonya. Huenda ana mafua yanayoziba pua, meno yanaota, ana utando mweupe mdomoni, sikio linauma, au amekutana na harufu mpya ya sabuni au manukato kwa mama. Kutengana kwa saa nyingi na mazoea ya chupa navyo huchangia. Hedhi inaporejea, maziwa huweza kupungua kwa siku chache kisha yakarudi.

Mama anashauriwa asimlazimishe mtoto wala kumshindisha njaa. Amkumbatie ngozi kwa ngozi, amwekee ziwa akiwa na usingizi au katika utulivu, na aendelee kukamua ili maziwa yasikauke, huku mtoto akinywa maziwa hayo kwa kikombe. Migomo mingi huisha ndani ya siku chache. Usipoisha, au ukiambatana na homa, mtoto apelekwe kituo cha afya.

Kubemenda na hofu ya maziwa mabaya

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, mtoto anayedhoofu baada ya kuanza kula husemwa kuwa amebemendwa, yaani amedhurika kwa sababu wazazi wamerejea katika tendo la ndoa wakati mama ananyonyesha. Wengine huamini kwamba maziwa huchacha kifuani mama anaposhinda juani, au kwamba mimba mpya huyageuza kuwa sumu. Hakuna ushahidi wa kitabibu unaothibitisha hayo. Maziwa hayachachi ndani ya titi, na tendo la ndoa haliyabadilishi. Mama mjamzito mwenye afya njema anaweza kuendelea kunyonyesha, ingawa maziwa yake huweza kupungua, na ni vyema apate ushauri wa kliniki.

Athari ya imani hizo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mama huona aibu kumpeleka kliniki mtoto aliyepungua uzito akihofia kusemwa, na wakati mwingine humwachisha ziwa katika wakati ambao analihitaji zaidi. Sababu halisi kwa kawaida ni chakula chepesi, milo michache, kuharisha kunakojirudia au ugonjwa mwingine, na zote hizo zinaweza kushughulikiwa mapema.

Pengo la kliniki

Baada ya chanjo za wiki ya 14, chanjo nyingine ya ratiba, ya surua na rubella, hutolewa mtoto akifikisha miezi tisa, na kurudiwa miezi 18. Wazazi wengi huacha kwenda kliniki kati ya vipindi hivyo, na pengo hilo ndilo lenye mwezi wa sita ndani yake. Mtoto anapaswa kupimwa kila mwezi hata kama hana chanjo, na kuanzia miezi sita apate matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Mstari wa ukuaji kwenye kadi ya kliniki ndiyo jibu la kuaminika kwa mama anayejiuliza kama maziwa na chakula vinatosha: ukipanda, mtoto anapata anachohitaji hata kama ananyonya mara chache kuliko zamani, ukilala au kushuka, ulishaji unahitaji kuangaliwa upya. Wakazi na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaweza kupata huduma hizo katika vituo vya karibu, ikiwamo Hospitali ya Mnazi Mmoja.

Mama anayeishi na Virusi vya Ukimwi (VVU) aendelee kutumia dawa za kufubaza makali ya virusi bila kukosa, na kufuata ushauri wa kliniki anayohudhuria kuhusu muda wa kunyonyesha na vipimo vya mtoto.

Mtoto afikishwe kituo cha afya bila kuchelewa anapokataa ziwa na chakula kwa pamoja, anapotapika kila kitu, anapolegea au kupata degedege, anapokojoa mara chache sana, au anapoharisha huku macho yakiingia ndani. Mtoto anayeharisha aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi, pamoja na kupewa maji ya chumvichumvi (ORS) na vidonge vya zinki kama atakavyoelekezwa. Kwa ushauri wa jumla, wananchi wanaweza kupiga bila malipo namba 199 ya Kituo cha Huduma kwa Wateja cha Wizara ya Afya.

Wakati wa kuacha ukifika, baada ya miaka miwili au zaidi, mtoto aachishwe taratibu kwa kupunguza mnyonyo mmoja baada ya mwingine katika wiki kadhaa. Kumpaka mama pilipili au kumpeleka mtoto ghafla kwa ndugu humwondolea mtoto maziwa na mama kwa siku moja. Kabla ya wakati huo, kila mabadiliko yanayojitokeza baada ya kijiko cha kwanza cha chakula yapimwe kwa kadi ya kliniki na afya ya mtoto, na ziwa liendelee kuwapo.